Fani na Maudhui ya Gurudumu

Sisi tuliofundisha Kiswahili kwa miaka mingi tuliwazoeza wanafunzi kuitazama kila kazi ya sanaa kwa macho mawili. Jicho moja hutazama fani, yaani umbo, mtindo na mapambo. Jicho la pili hutazama maudhui, yaani jambo ambalo kazi hiyo imelibeba. Mwanafunzi hodari alijipatia alama zake pale alipoonyesha kuwa viwili hivyo havitengani: umbo huzaliwa na jambo, na jambo halisimami bila umbo. Mizani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya vitabu peke yake. Hufaa kupimia jembe, kiti, nyumba, na hata gurudumu la pikipiki. Katika makala haya nimekusudia kulihakiki gurudumu.

Sababu ya kufanya hivyo ipo. Hapa Igowole kuna vijana waliopata hamu ya kufufua pikipiki za zamani. Wanazitoa katika mabanda ya kuku na stoo za wazee wao, wanazisugua kutu na kuzipaka rangi. Mmoja wao nilimfundisha darasa la tano na la sita. Marehemu baba yake alikuwa bwana shamba, naye alimwachia pikipiki aina ya BSA Bantam. Injini imekwisha kupona, sasa imebaki miguu. Alipokuja kuniuliza, "Mwalimu, nifunge ringi gani na matairi gani?" alikuwa amekwisha kupewa ushauri wa kila namna na watu wa kila namna. Mimi nilimuuliza jambo moja tu: nani atakayepanda? Akasema anataka kumpeleka mama yake kanisani siku za Jumapili, na hospitalini Mafinga anapougua. Kuanzia hapo swali halikuwa tena la urembo. Mama mtu mzima atakaa nyuma, miguu upande mmoja, kanga mbili kiunoni, na uhai wake utakuwa juu ya vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo lisilozidi kiganja cha mtoto.

Kabla ya kuhakiki kazi, sharti tumjue mtunzi wake na mazingira yake. Bantam ilianza kutengenezwa mwaka 1948 na kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza. Mchoro wake wa asili haukuwa wa Waingereza. Ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT125, ambayo michoro yake ilitwaliwa na washindi baada ya Vita Kuu ya Pili kama sehemu ya fidia. Harley-Davidson wa Marekani walitengeneza pikipiki yao ndogo kutokana na mchoro huo huo, Warusi wakatengeneza Moskva, na hata Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, iliufuata. Bantam ya mwanzo, iliyoitwa D1, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 123, gia tatu, nguvu za farasi wanne na nusu hivi, na uzito wa kilo 70 hivi. Kule kwao ilitumiwa na vijana wa posta waliopeleka simu za maandishi. Ilikuwa chombo cha mtu wa kawaida na kazi ya kawaida, na uzao wake uliendelea hadi mwaka 1971.

Sasa tazama magurudumu yake. D1 ilitoka kiwandani na ringi za inchi 19 na matairi ya upana wa inchi 2.75. Kijana wa leo akiiona hucheka na kusema ni baiskeli iliyonona. Lakini wembamba ule una maana yake. Gurudumu refu huvuka shimo kwa urahisi kuliko gurudumu fupi. Tairi jembamba hukata tope na kuutafuta udongo mgumu ulio chini, ilhali tairi pana huelea juu ya tope na kuteleza. Aidha, gurudumu jembamba ni jepesi, na injini ya farasi wanne na nusu haina nguvu ya kuburuta mapambo. Zaidi ya hayo, D1 za mwanzo hazikuwa na springi nyuma. Ekseli ilishikwa na fremu moja kwa moja. Springi pekee ya gurudumu la nyuma ilikuwa upepo uliomo ndani ya tairi, ikisaidiwa na springi za kiti. Kwa hiyo tairi la Bantam hubeba mzigo na hapo hapo hupokea kila pigo la barabara. Hapo utaona jinsi fani ilivyoibeba kazi.

Katika wale waliomshauri kijana huyu, na wengine niliowasikiliza, nimeona makundi matatu. Nitalihakiki kila moja kwa haki.

Kundi la kwanza ni la wapenda asili. Hawa husema kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, na tairi liwe na jina lile lile la zamani, hata kama limekaa stoo miaka thelathini. Heshima yao kwa mambo ya kale naipenda. Ila wamesahau kuwa mpira hufa. Hewa, joto na jua huukausha hata ukiwa umening'inia ukutani. Vijistari hutokea ubavuni, na uso wake huwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Tairi laweza kuwa na kashata zake zote, zile nundu za kushikia barabara, na bado likawa limekufa. Lami ya barabara kuu ya Nyololo ikilowa mvua ya Mufindi, tairi la namna hiyo halishiki kitu.

Ndugu msomaji, tairi husomeka kama kitabu, na tarehe yake imeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha ufuate maandishi mpaka tarakimu za mwisho. Zikiwa nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Nimeonyeshwa tairi moja la tarakimu tatu, na mwenye nalo alilisifu sana kuwa ni la asili. Mahali pa tairi lile ni miguuni mwa mtu, likiwa katambuga. Tena hoja ya asili yenyewe inawageukia. Siku Bantam ilipotoka Birmingham haikufungwa matairi ya zamani. Ilifungwa matairi mapya. Anayetaka asili ya kweli na anunue mpira mpya.

Wapenda asili watanijibu kuwa ng'ambo bado yanatengenezwa matairi mapya ya kipimo cha kale kwa ajili ya pikipiki kama hizi. Ni kweli. Lakini tairi likipasuliwa na jiwe jioni katikati ya mashamba ya chai, mtu hawezi kusubiri mzigo kutoka Ulaya. Chombo ambacho kipuri chake hakipatikani mahali kinapoishi ni mgeni mahali hapo, na mgeni hatumwi kisimani.

Kundi la pili ni la wapenda urembo. Hawa wanataka tairi pana, la inchi nne au zaidi, lijae chini ya madigadi kama pikipiki za kwenye picha, na ringi zipakwe rangi ya dhahabu. Wao wameshika fani peke yake. Upana wa tairi hauchaguliwi kwa macho. Huchaguliwa na upana wa ringi. Waingereza waliziita ringi za zamani kwa alama: WM1 ina upana wa inchi 1.60, WM2 inchi 1.85, na WM3 inchi 2.15. Kwa kawaida tairi la 2.75 au 3.00 hukaa vizuri juu ya WM1, la 3.25 au 3.50 juu ya WM2, na la inchi nne huhitaji WM3. Ukilazimisha tairi la inchi nne juu ya WM1, kingo zake hubanwa, nalo huvimba na kuwa la mviringo kama chungu. Upana ulioununua hautagusa ardhi. Kitakachogusa ni mstari mwembamba wa katikati, na kwenye kona ubavu utayumba huku na huku. Juu ya hayo litasugua madigadi au cheni. Umetoa fedha zaidi, ukapata usalama pungufu.

Kuhusu ringi za aluminiamu nitasema kwa uangalifu. Ringi nzuri za namna hiyo zipo, na Borrani wa Italia walijipatia sifa ya ulimwengu kwa kazi hiyo. Ni nyepesi na hazishiki kutu nyekundu. Lakini mtu asidanganywe na rangi. Kitu chepesi kisicho na jina la mtengenezaji wala kipimo kilichogongwa juu yake hakistahili kubeba mtu. Ringi ya chuma ikipigwa na jiwe hupinda, na fundi mwenye subira huweza kuirudisha. Aluminiamu duni ikipigwa hupasuka. Kwa njia zetu, chuma kilichopakwa nikeli vizuri bado kinatosha. Adui yake ni maji. Kutu huanzia ndani, chini ya ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku, mahali ambapo macho hayafiki. Ringi inayong'aa nje yaweza kuwa imeliwa ndani. Kila anayenunua ringi iliyotumika auvue utepe huo kwanza, achunguze kwa kucha na bisibisi, ndipo azungumzie bei.

Kundi la tatu ni la wapenda urahisi. Hawa husema: chukua magurudumu mazima ya bodaboda, funga, ondoka. Hawa wanakaribia ukweli kuliko wenzao, maana wamekumbuka kuwa kitu lazima kipatikane. Kosa lao ni kuishia njiani. Habu ya pikipiki moja haitoshi tu kuingia katika fremu ya nyingine. Breki lazima zishike mahali pake, cheni lazima inyooke, na gurudumu la mbele na la nyuma lazima yafuate mstari mmoja. Pikipiki ambayo magurudumu yake hayafuatani huvuta upande mmoja siku zote, na dereva huchoka bila kujua kinachomchosha. Tena wapenda urahisi huchukua tairi la bei ya chini bila kusoma namba ya uzito. Namba hiyo nayo iko ubavuni, ikifuatwa na herufi ya mwendo: 42 ni kilo 150, 47 ni kilo 175, na 52 ni kilo 200. Herufi J ni mwendo wa kilomita 100 kwa saa, L ni 120, P ni 150. Kwa Bantam mwendo hautusumbui. Uzito ndio unaosumbua, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya dereva, karibu abiria mzima, na lile furushi la viazi ambalo haliachwi nyumbani.

Urahisi wa namna hii nimeuona ukilipiwa. Katika miaka ya uhaba iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vipuri havikuwepo na kila mtu alijisaidia alivyoweza. Mwalimu mwenzangu alifungiwa na fundi mmoja spoku zilizochongwa kwa waya wa uzio. Kwa mbali zilipendeza, hata zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha. Siku moja, akirudi na bahasha za mitihani kifuani, spoku ya gurudumu la mbele ilikatika, ncha yake ikatoboa tyubu, na upepo ukatoka mara moja. Pancha ya nyuma humpa mtu nafasi ya kupambana. Ya mbele haimpi. Bahasha zilifika salama. Mguu wake haukunyooka tena mpaka alipostaafu. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama spoku kama pambo.

Na spoku zina elimu yake. Ringi ya Bantam ina matundu 36, na kila tundu limetobolewa kwa mshazari unaoelekea habu yake. Ringi ya pikipiki nyingine yaweza kuwa na matundu 36 vilevile, lakini yakielekea habu ya kipenyo kingine. Spoku ikiingia hapo hulazimika kupinda kidogo penye kofia yake, na kila mzunguko wa gurudumu huikunja na kuikunjua hadi ikatike. Fundi mzuri hutazama mshazari huo kwanza, kisha hupima urefu wa spoku na kuagiza mpya. Akimaliza kuzifunga huzigonga moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza. Zilizokazwa sawasawa hutoa sauti zinazokaribiana. Iliyolegea hutoa sauti bubu. Mwalimu wa nyimbo angekuwa fundi mzuri wa magurudumu.

Hapa ningependa kutaja kitabu kimoja cha Marekani, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Robert Pirsig, kilichotoka mwaka 1974. Mwandishi anasafiri kwa pikipiki pamoja na rafiki zake. Usukani wa pikipiki ya rafiki mmoja, BMW ya thamani, unalegea, naye mwandishi anapendekeza kuubana kwa kipande cha bati la kopo la bia. Rafiki anaona ametukanwa. Mwandishi anajua kuwa bati lile ni laini, halishiki kutu, na linafaa kabisa. Rafiki anaona kopo la bia tu. Kutokana na mabishano kama hayo Pirsig anatofautisha watu wanaotazama umbo la nje na watu wanaotazama utendaji wa ndani, nasi tungesema ni wale wa fani na wale wa maudhui. Ni kitabu chenye akili. Lakini nionavyo mimi, kinachokipa uzito si mabishano ya mitazamo miwili. Uzito wake unatoka kwa mtoto. Nyuma ya mwandishi, safari nzima, amekaa mwanawe mdogo. Kila falsafa ya mbele inapimwa na yule aliyeshika kiuno nyuma.

Basi hukumu yangu juu ya ringi na matairi ya Bantam ni hii. Kwanza, tuulize kama twaweza kuacha inchi 19 bila kuisaliti pikipiki. Hesabu ya darasa la saba inatosha. Ringi ya inchi 19 yenye tairi la 2.75 hutoa gurudumu la kipenyo cha inchi 24.5 hivi, maana tairi huongeza kimo chake juu na chini. Mzunguko wake ni kama sentimita 195. Ringi ya inchi 18 yenye tairi la 3.00 hutoa kipenyo cha inchi 24, na mzunguko wa sentimita 191 hivi. Tofauti ni sentimita nne tu. Katika kilomita moja, gurudumu la kwanza huzunguka kama mara 512 na la pili kama mara 522. Injini haitasikia tofauti hiyo, na fremu haitainama. Tena BSA wenyewe walipita njia hiyo, kwa kuwa matoleo ya baadaye ya Bantam yalipewa ringi za inchi 18. Kubadili hapa ni kufuata mwendo wa mtunzi mwenyewe.

Pili, tuulize kinachopatikana. Tulikuwa na kiwanda cha General Tyre pale Arusha, kilichotengeneza matairi ya magari hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2007. Matairi ya pikipiki tunayouziwa leo mengi yametoka China na India, na vipimo vyake ni vya bodaboda, yaani inchi 17 na 18. Tairi la inchi 18 likiharibika leo, kesho laweza kupatikana bila kuvuka bahari.

Kwa hiyo nachagua ringi za chuma za inchi 18, upana wa 1.60, matundu 36 yenye mshazari unaokubaliana na habu za Bantam, pamoja na spoku mpya zote, si kuchanganya mpya na kuukuu. Tairi la mbele liwe 2.75 na la nyuma 3.00, lenye namba ya uzito isiyopungua 47, na tarehe isiyozidi miaka mitano. Tyubu na utepe viwe vipya. Kuhusu kashata, nisingechukua yale matairi ya mbele yenye mistari ya kuzunguka tu, ingawa ndiyo yanayoipendeza zaidi pikipiki ya Kiingereza. Yalifaa lami ya Birmingham. Katika udongo mwekundu wa mwezi wa Machi mistari hiyo hujaa na tairi huwa kipara papo hapo. Wala nisingechukua yale ya nundu kubwa za mashindano ya matope, kwa sababu kwenye lami hucheza na kuisha upesi. Kashata za kadiri, zilizokatwa pande zote, hutosha njia ya msituni na barabara kuu pia.

Najua mpenda asili atasema nimepoteza inchi moja ya historia. Nami nakubali kuwa ni hasara. Ringi za zamani zisiuzwe kwa vyuma chakavu. Zipakwe mafuta, zifungwe kwa gunia kavu, zitundikwe, ili wajukuu wajue zilivyokuwa. Lakini historia ya Bantam si inchi peke yake. Historia yake ni kubeba watu wadogo wenye shughuli za haki na kuwarudisha nyumbani. Pikipiki iliyong'arishwa ikasimama sebuleni kwa kuwa haina tairi la kuaminika imehifadhi umbo na kupoteza jambo. Ile inayopanda mlima wa Igowole wakati wa ukungu, abiria wake akishuka mlangoni bila tope kwenye kanga, bado inasema kile ilichotungwa kusema.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mhakiki wa vitabu huufungua mkakasi kabla ya kuusifu. Mnunuzi wa magurudumu naye auvue utepe, asome ubavu, agonge spoku na kusikiliza, ndipo atoe fedha.